Makubaliano ya malezi kati ya wazazi waliotengana: kwa nini yapite mahakamani, na yaandikwe vipi

Swali la msomaji: Mimi na mume wangu tulitengana mwaka jana bila kupeana talaka. Tuna watoto wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano. Ninaishi nao Morogoro, na baba yao anafanya kazi Dodoma. Mwezi uliopita tulikaa na wazee wa pande zote mbili, tukaandika makubaliano, na mwenyekiti wa mtaa akayagonga muhuri. Tumekubaliana kwamba watoto wakae kwangu, baba yao awaone “kwa muda unaofaa” na wakati wa likizo, na atume shilingi 150,000 kila mwezi. Tumeandika pia kwamba asipotuma fedha hatawaona watoto, kwamba mvulana atahamia kwa baba yake akitimiza miaka saba, na kwamba siku nikiolewa na mtu mwingine watoto wote watakwenda kwake. Kaka yangu anasema karatasi hiyo haina nguvu mpaka ipite mahakamani. Je, ni kweli? Na tukiipeleka, hakimu anaweza kuibadilisha hata kama sisi wawili tumeridhika?

Jibu: Dada, nianze kwa kuwapongeza. Watu waliotengana wakakaa chini na wazee wao na kuandika kurasa mbili bila kutukanana wamewapa watoto wao kitu ambacho hakimu hawezi kukitoa kwa amri. Lakini kaka yako ana hoja. Karatasi yenu ni ushahidi mzuri wa mlichokubaliana, na ikitokea mgogoro mahakama itaisoma. Hata hivyo, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauigeuzi kuwa amri. Mwajiri wa mumeo hawezi kukata mshahara kwa kuiona, mwalimu mkuu hawezi kuitegemea kumzuia au kumruhusu mtu kuondoka na mtoto, na akivunja mmoja wenu, mwenzake hana kitu cha kukikazia mahakamani, yaani cha kuomba mahakama ilazimishe kitekelezwe. Itabidi aanze shauri upya.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni ndiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kubadilisha masharti ya makubaliano yoyote yanayohusu malezi au matunzo ya mtoto, wakati wowote, hata kama makubaliano yenyewe yanasema hayabadilishwi, mradi mahakama iridhike kwamba mabadiliko hayo ni ya busara na yana manufaa kwa mtoto. Wazazi wengi hushangaa wanapoambiwa hivyo, kwa sababu wamezoea kwamba watu wazima wawili wakiridhiana, neno limekwisha. Mnapouziana kiwanja ndivyo ilivyo, maana mnagawana kilicho chenu. Hapa mnaandikiana juu ya haki za watu wengine wawili ambao hawakukaa kwenye mkeka siku ile ya kikao, na mzazi hana mamlaka ya kusamehe haki ya mwanawe.

Haki hizo zimetajwa waziwazi katika kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. (Ninatumia namba za vifungu kama sheria zilivyotungwa, katika matoleo yaliyorekebishwa huenda namba zikasogea, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kuzinukuu kwenye nyaraka.) Wazazi wakitengana au wakitalikiana, mtoto ana haki ya kupata matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla hamjaachana. Ana haki ya kuishi na mzazi ambaye, kwa maoni ya mahakama, anaweza kumlea kwa maslahi yake. Na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila anapotaka, isipokuwa pale ambapo mpango huo unaingilia masomo yake. Soma tena hiyo ya tatu, dada, kwa kuwa ndiyo inayogusa makubaliano yenu moja kwa moja: sheria imeandika kwamba mtoto ndiye mwenye haki ya kumtembelea mzazi.

Kwa sababu hiyo, sharti lenu kwamba baba asipotuma fedha hatawaona watoto halitapita, na ninawashauri mlifute wenyewe kabla hakimu hajalifuta. Ninaelewa lilikotoka. Mama aliyekaa na watoto, mwezi umefika tarehe 10 na simu haijaingia muamala, hana silaha nyingine mkononi. Lakini anayeadhibiwa na sharti hilo ni binti wa miaka tisa ambaye hakukopa wala hakuahidi kitu. Fedha na kuonana ni mambo mawili yanayokwenda kila moja kwa njia yake: matunzo yakikwama yanadaiwa kama matunzo, na ziara zinaendelea. Kinyume chake pia ni kweli, na baba yao alisome hili: kunyimwa kuwaona watoto hakumpi ruhusa ya kuacha kutuma matunzo.

Sasa nije kwenye miaka saba, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana sidhani kama kuna dhana yoyote katika mashauri ya watoto iliyowaumiza watu kuliko hii. Nimesikia kina baba wakisema “akifikisha saba namchukua” kana kwamba wanasoma tarehe ya mwisho kwenye hati ya mkopo, na nimeona kina mama wakianza kuhesabu miezi kwa hofu tangu mtoto akiwa na miaka sita. Chimbuko lake ni kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa. Kifungu hicho kinasema kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka saba kuna dhana, yaani jambo ambalo mahakama huanza kwa kulichukua kuwa kweli, kwamba ni kwa manufaa yake kukaa na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na katika kifungu hichohicho, mahakama inaagizwa izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha kutoka kwa mlezi mmoja hadi mwingine.

Basi tuisome kama ilivyo. Kabla ya miaka saba, mama anaanza akiwa mbele hatua moja. Baada ya miaka saba, hatua hiyo moja inaondoka, na wazazi wanasimama mstari mmoja. Hakuna mahali popote panaposema kwamba mtoto akitimiza saba anakuwa wa baba. Isitoshe, kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama, inapoamua malezi, izingatie maslahi ya mtoto na umuhimu wa yeye kuwa na mama yake, bila kuweka ukomo huo wa miaka saba. Kisha kinataja mambo mengine: umri na jinsia ya mtoto, maoni yake mwenyewe iwapo ameyatoa kwa uhuru, faida ya kutowatenganisha ndugu wa tumbo moja, na haja ya malezi kuendelea bila kukatikakatika. Sasa chukua sharti lenu uliweke mbele ya orodha hiyo. Mnataka, katika siku moja ya kuzaliwa, mvulana aondoke kwenye nyumba aliyoizoea, abadilishe shule akiwa ndiyo kwanza anaanza kusoma kwa ufasaha, na aachane na dada yake ambaye huenda ndiye anayemfunga kamba za viatu kila asubuhi. Hakimu atawauliza kwa nini. Kama jibu ni “mila yetu ndivyo ilivyo”, nalo atalisikiliza, kwa kuwa kifungu cha 125 kinataja pia mila za jamii ya wahusika. Lakini mila ni jambo moja kati ya kadhaa, na juu ya yote yamesimama manufaa ya mtoto.

Badala ya sharti hilo, andikeni kwamba mpango mzima utaangaliwa upya na wazazi wote wawili ifikapo tarehe fulani, kwa mfano kila mwisho wa mwaka wa masomo, na kwamba badiliko lolote la makazi ya mtoto litafanyika kwa maandishi na kwa idhini ya mahakama. Baba hapotezi kitu kwa maneno hayo. Akiona baadaye kwamba mvulana angekuwa na hali bora Dodoma, mlango wa kuomba upo wazi.

Sharti la kuolewa lina kasoro ya namna hiyohiyo, ila nitakuwa mfupi. Mahakama haimwadhibu mzazi kwa kuanza maisha mapya, wala haihamishi watoto kwa tukio ambalo halijatokea na ambalo hakuna ajuaye litakuwaje. Siku hiyo ikifika, kitakachoangaliwa ni nyumba yenyewe: ni nani anaishi humo, watoto wanatendewaje, wanasoma wapi. Kanuni hiyohiyo inamhusu baba yao akioa.

Hadi hapa nimezungumza juu ya mtakayoyaondoa. Linalonitia wasiwasi zaidi katika karatasi yenu ni maneno matatu ambayo hayana kosa la kisheria hata kidogo: “kwa muda unaofaa”. Wanasheria tunayapenda mno maneno hayo, na watoto wanayalipia. Katika shauri moja nililolishughulikia, wazazi walikuwa wameandika hivyohivyo. Jumamosi moja baba alisema kwenye simu kwamba “atapita”. Mtoto wao, mvulana wa darasa la pili, alivaa shati lake la Idi, akaweka begi la shule lenye nguo mbili na mswaki karibu na mlango, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa tangu chai ya asubuhi. Saa kumi jioni alikuwa bado yupo palepale. Baba, kwa upande wake, aliamini kwa dhati kwamba muda unaofaa ulikuwa Jumapili. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyevunja makubaliano. Ubaya ulikuwa kwamba makubaliano yenyewe hayakusema kitu.

Kwa hiyo andikeni kana kwamba mnamwelekeza mtu asiyewajua. Badala ya “muda unaofaa”, semeni wikiendi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili saa kumi jioni. Semeni watoto wanakabidhiwa wapi: kwa umbali wenu, pengine ni kituo cha treni au stendi ya Msamvu, na semeni ni upande gani wa stendi. Semeni nani anawapokea, maana mtoto wa miaka mitano hasafiri peke yake, na kama baba atamtuma shangazi yao, jina la shangazi liwemo. Semeni nani analipa nauli ya kwenda na nani ya kurudi. Semeni mzazi akichelewa au akighairi anatoa taarifa saa ngapi kabla, na wikiendi iliyopotea inafidiwa lini. Likizo za Juni na Desemba mzigawe kwa tarehe, mkifuata kalenda ya shule na si kumbukumbu zenu, na sikukuu mzipangie zamu: Krismasi au Idi ya mwaka huu kwa mmoja, ya mwakani kwa mwingine. Wekeni pia saa ya simu. Mtoto anayejua kwamba baba hupiga Jumatano saa moja jioni analala vizuri zaidi kuliko anayesubiri simu kila siku.

Upande wa fedha, shilingi 150,000 ni kiasi, lakini karatasi yenu haisemi ni kwa ajili ya nini. Elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada, na bado wewe unajua gharama za sare, viatu, madaftari na chakula cha shuleni. Je, hizo zimo ndani ya kiasi hicho? Mtoto akilazwa usiku, nani analipa, na bima ya afya ni ya nani? Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama inapopanga matunzo iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, kwa hiyo kila mmoja wenu aje na hesabu zake za kweli. Mimi hushauri kiasi cha kila mwezi kigharimie chakula, malazi na matumizi ya kawaida, na gharama za shule na matibabu zigawanywe kwa uwiano unaotajwa, mlipaji akionyesha risiti. Fedha zipite benki au kwenye simu, tarehe moja isiyobadilika, ili baba awe na kumbukumbu ya alichotuma na wewe ya ulichopokea. Fedha taslimu zinazokabidhiwa mlangoni huleta ubishi ambao hakuna shahidi wa kuumaliza. Jukumu la matunzo kwa kawaida hukoma mtoto anapofikisha miaka 18, ingawa mahakama inaweza kuliendeleza iwapo bado yuko masomoni.

Baada ya kuyarekebisha hayo ndipo mwende mahakamani. Hamhitaji kufungua shauri la talaka, na hamhitaji kwanza kupita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kimeweka sharti hilo kwa anayeomba talaka. Mzazi yeyote anaweza kuomba amri ya malezi chini ya Sheria ya Mtoto, na hata wazazi ambao hawakufunga ndoa kabisa wanatumia njia hiyo. Ulizia kwenye masjala ya Mahakama ya Wilaya hapo Morogoro mahali Mahakama ya Watoto inapoketi. Mmoja wenu atakuwa mwombaji na mwingine mjibu maombi, ingawa hamgombani. Hilo ni umbo la kisheria tu, wala lisimtie mumeo uchungu akiona jina lake upande wa pili. Ambatanisheni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya makubaliano iliyosainiwa na ninyi wawili, kisha muiombe mahakama iyasajili makubaliano kuwa amri yake.

Msitarajie kwamba hakimu atagonga muhuri na kuwaaga. Atawauliza kila mmoja, pengine kwa nyakati tofauti, kama amesaini kwa hiari, na atakuwa makini hasa iwapo ataona dalili kwamba mmoja alikuwa anaogopa. Kama katika ndoa yenu kulikuwa na kipigo au vitisho, mwambie, hata kama wazee walikushauri unyamaze. Makabidhiano ya watoto yanaweza kupangwa bila ninyi wawili kukutana. Anaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii aandae taarifa. Afisa huyo atakuja nyumbani, ataangalia watoto wanalala wapi, ataongea na mwalimu wao, na huenda mwenzake wa Dodoma akatembelea anakoishi baba. Usipike pilau la wageni siku hiyo wala usiwafundishe watoto la kusema. Anachotafuta ni siku ya kawaida.

Binti yako wa miaka tisa anaweza kuulizwa maoni yake. Mahakama ya Watoto huendeshwa kwa faragha, bila umati, kwa namna isiyo na ukali wa mahakama za kawaida, na afisa ustawi wa jamii akiwepo. Mwambieni mapema, ninyi wawili kwa pamoja kama inawezekana, kwamba hatachagua kati ya mama na baba. Ataulizwa tu anapenda nini na nini kinampa shida, na uamuzi ni wa wakubwa. Mashauri huendeshwa kwa Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo ataelewa kila neno. Kama hamna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mashirika kama TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hushughulikia masuala ya namna hii.

Amri ikishatolewa, chukueni nakala zilizothibitishwa, na moja mpeni mwalimu mkuu. Kuanzia hapo, matunzo yakisimama, unarudi mahakamani kuomba amri ikaziwe, na kwa kuwa mumeo ameajiriwa, mahakama ina uwezo wa kuagiza sehemu ya mshahara wake izuiwe na ilipwe kwa watoto. Na mmoja wenu akiwachukua watoto kinyume cha amri, kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumwondoa mtoto kwa mtu mwenye malezi yake halali. Kama kuna hofu ya mtoto kupelekwa nje ya nchi, mahakama inaweza kuzuia, na ni bora hilo liombwe mapema. Maisha yakibadilika, kwa mfano baba akipata uhamisho wa kikazi kwenda Mwanza, mnaomba amri irekebishwe. Msirekebishe kwa maneno ya simu mkaiacha amri ya zamani ikisema vingine.

Ninayoyasema yanahusu Tanzania Bara. Msomaji aliye Zanzibar anaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 ya huko pamoja na Mahakama za Kadhi, na aliye Kenya ana Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 53 kinawapa mama na baba wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la.

Jambo la mwisho, dada, ni hili la sasa hivi, wakati karatasi mpya haijaandikwa. Msizuie chochote kinachoendelea vizuri. Kama baba yao alikuwa awachukue likizo hii, awachukue, na kama tarehe ya kutuma fedha imefika, atume. Keti naye kwa simu jioni moja, mkiwa na kalenda ya shule mbele yenu, mwanze na wikiendi ya kwanza ya mwezi ujao: saa ngapi, stendi ipi, na nani atamshika mdogo mkono.